Kabla Hujanunua Polimerasi, Uliza Ukoo Wake

Polimerasi nne ndizo zinazobeba kazi ya maabara yetu: Taq, Pfu, Bst na phi29. Zote ni vimeng'enya vinavyofanya jambo lile lile, kunakili DNA, na zote zinakuja kwenye kimirija kidogo chenye kifuniko cha rangi, ambacho bei yake ukiigawa kwa matone unaweza kutamani kubadilisha kazi. Tathmini hii ni ya hizo nne. Sitaji kampuni, maana kwa shughuli za kawaida Taq ya huyu na Taq ya yule sijaona tofauti ya kunigombanisha na mhasibu. Tofauti niliyoiona ni ya nasaba. Ukishajua polimerasi imetoka ukoo gani, tabia zake nyingi unazibashiri kabla hujafungua boksi, na zile kurasa za kujisifu unaweza kuziruka.

Tuko Ilemela, Mwanza. Mashine mbili za PCR, yaani za kuongeza nakala za DNA kwa mizunguko ya kupasha moto na kupoza, moja imeshazeeka. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Meza ya jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu vikaonekana kama mistari, karibu na dirisha. Jenereta inayowaka kwa kubembelezwa. Wanaotuletea sampuli ni watu wa ziwani na wa mashambani. Mfanyabiashara anataka uthibitisho kwamba minofu aliyouziwa ni ya sangara kweli. Mwanafunzi wa uzamili ana majani ya muhogo yenye ugonjwa wa batobato kutoka Sengerema. Watu wa kichocho wanakuja na konokono kwenye chupa za maji ya kunywa. Kazi hizi tatu haziendi na polimerasi moja, na hapo ndipo hela za watu huliwa.

Safari moja nilimpigia muuzaji wetu wa Dar es Salaam, kijana mstaarabu sana, nikamuuliza polimerasi mpya anayoisifia ni ya ukoo A au ukoo B.

"Dada," akasema, "unanunua kimeng'enya au unaozesha binti?"

Tulicheka wote wawili. Lakini wazee hawakuwa wajinga walipotuma watu wakaulizie kwa kina bwana harusi kabla ya kuijibu barua ya posa, na mimi sikumwachia mpaka aliponitumia karatasi ya maelezo. Ilikuwa ya ukoo B. Kwa kazi niliyoikusudia isingenifaa hata kwa bure.

Habari ya koo hizi ilianzia kwa bakteria wa tumboni, E. coli. Arthur Kornberg alipata polimerasi ya kwanza, Pol I, ndani yake mwaka 1956, na mwaka 1959 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Severo Ochoa. Watu wakaamini kwamba hiyo ndiyo inayonakili kromosomu ya bakteria. Mwaka 1969 Paula De Lucia na John Cairns wakaonyesha E. coli aliyekuwa karibu hana kabisa kimeng'enya hicho, na bado anazaana vizuri. Ikabidi itafutwe nyingine. Zikapatikana Pol II na Pol III, na Pol III ndiyo mnakili mkuu, karibu herufi 1,000 za DNA kwa sekunde. Mwaka 1991 Junetsu Ito na Dan Braithwaite wakazipanga polimerasi zilizojulikana kwa kulinganisha mfuatano wa asidi amino: zinazofanana na Pol I zikawa ukoo A, za Pol II ukoo B, za Pol III ukoo C. Zipo pia X, Y na D. Pembeni yao kuna zile zinazosoma RNA na kuandika DNA, kama ile ya virusi vya UKIMWI na telomerasi iliyomo ndani ya seli zetu.

Umbo la kwanza lilionekana mwaka 1985, kipande cha Pol I, katika maabara ya Thomas Steitz. Waliolitazama wakaona mkono wa kulia uliokunjwa nusu: vidole, kiganja na gumba. Kwenye kiganja ndipo herufi mpya inapoungwa kwenye uzi, kwa msaada wa ioni mbili za magnesi. (Ndiyo maana magnesi ikizidi au ikipungua kwenye mchanganyiko wako kila kitu kinaharibika. Mwanafunzi yeyote atakwambia.) Kila polimerasi iliyofuata ilipopigwa picha, mkono ukaonekana tena, au kitu kinachoukaribia, na ilikuwa rahisi kusema basi hawa wote ni watoto wa babu mmoja.

Ukikichunguza kiganja chenyewe, undugu huo unakatika. Kiganja cha A, cha B, cha Y na cha wale wasoma RNA kimekunjwa kwa mtindo mmoja, kwa hiyo hao kuwaita ndugu wa mbali kuna msingi. Ukoo C ulipopigwa picha mwaka 2006, kiganja chake kilikuwa cha mtindo mwingine kabisa, ule wa ukoo X. Ukoo D, ambao ni wa akea tu, viumbe wale wa seli moja wasio bakteria na wasio sisi, ulionekana vizuri mwaka 2016: kiini chake kimefanana na vimeng'enya vinavyotengeneza RNA ndani ya seli. Yaani kazi ileile imefikiwa na nasaba zaidi ya moja, kila moja kwa njia yake. Kinachonakili kromosomu ya bakteria ni cha ukoo C, kinachonakili kromosomu zetu ni cha ukoo B, na hao wawili hawana kiganja kimoja. Detlef Leipe, L. Aravind na Eugene Koonin walishaandika mwaka 1999 kwamba huenda mtambo wa kunakili DNA ulibuniwa mara mbili katika historia ya uhai. Mimi jambo hili hulitafakari nikiwa nasubiri mashine imalize mizunguko, kwa sababu tunafundishwa kwamba DNA ni moja kwa viumbe wote, halafu anayeinakili si mmoja.

Haya, bidhaa.

Taq ndiyo tunayoimaliza haraka kuliko zote. Ilitoka kwa Thermus aquaticus, bakteria ambaye Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimpata kwenye chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, wakamtangaza mwaka 1969. Alice Chien na wenzake wakakisafisha kimeng'enya chake mwaka 1976. Kary Mullis alipobuni PCR mwaka 1983, polimerasi iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya E. coli, nayo hufa kila sampuli inapochemshwa, hivyo ilibidi mtu asimame pale aongeze nyingine kila mzunguko. Taq ilipoingia mwaka 1988 adha hiyo ikaisha. Kwenye nyuzi 95 inachukua kama dakika 40 kupoteza nusu ya nguvu zake.

Ustahimilivu wa joto ndio unaotangazwa, ila huo umetoka nyumbani kwake, siyo kwenye ukoo. Polimerasi ya T7, kirusi kinachoshambulia E. coli, nayo ni ya ukoo A, na ukiichemsha imekwisha. Kilichotoka kwenye ukoo ni ufundi wa ukarabati. Pol I na ndugu zake wengi hawakuzaliwa kunakili kromosomu. Wanaziba mapengo na kuondoa vipande vya RNA vinavyowekwa mwanzoni mwa kila uzi mpya. Kwa hiyo wana sehemu ya mbele inayokata uzi wanaoukuta njiani. Taq imeirithi. Vile vipimo vya PCR vinavyotoa mwanga kadiri DNA inavyoongezeka, vikiwemo vingi tulivyovitumia wakati wa UVIKO-19, vinaitegemea sehemu hiyo: Taq ikikutana na kipande chenye rangi kilichoshika kwenye uzi inakikata, rangi inaachiliwa, mashine inasoma. Ukichukua polimerasi ya ukoo B ukaiweka hapo badala yake utakaa usubiri mwanga mpaka jioni.

Kwenye usahihi ndipo Taq inapoangusha. Pol I ya E. coli ina sehemu nyingine inayorudi nyuma na kuondoa herufi iliyokosewa. Taq nayo ina sehemu hiyo, unaiona kabisa kwenye umbo lake, ila asidi amino zilizokuwa zikishika metali zimepotea. Limebaki gofu. Ikikosea, imekosea.

Je, inaumiza? Inategemea. Kipande cha kumtambulisha samaki tunachotumia, cha jeni moja ya mitokondria, kina herufi kama 650. Tuseme Taq inakosea herufi moja katika kila 50,000. Ukizidisha 650 kwa mizunguko 30 unapata 19,500, na kwa hesabu ya haraka karibu theluthi moja ya nakala zitakuwa na kosa mahali fulani. Inatisha kuisikia. Lakini ukiisoma sampuli yote kwa pamoja makosa hayo yametawanyika, kila nakala na lake, na herufi sahihi inashinda kwa wingi. Sangara anasomeka sangara. Samaki aina ya furu ndio wenye kunipa wasiwasi, maana aina zao za ziwa hili ni mamia na zimetengana juzi tu kwa kipimo cha mabadiliko ya viumbe. Jeni hiyo moja mara nyingi haiwatofautishi hata ikinakiliwa bila kosa lolote. Hapo usiilaumu Taq.

Ushauri mmoja kwa walioko kanda hii: nunua Taq iliyofungwa kwa kingamwili, inayoamka tu ikishapashwa moto. Vyumba vyetu vina joto. Ukiwa unapanga sampuli 96 mezani, Taq ya kawaida imeshaanza kuunganisha praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, zenyewe kwa zenyewe, na kwenye jeli utaona ule ukungu mfupi chini kabisa, mbele ya mistari yote. Bei inapanda kidogo. Lipa. Taq naipa nyota nne, na ile moja niliyoinyima ni kwa ajili ya gofu.

Sasa Pfu, ambayo nina ugomvi na namna inavyouzwa. Imetoka kwa Pyrococcus furiosus, akea aliyepatikana kwenye mashapo ya moto baharini karibu na kisiwa cha Vulcano, Italia, akaelezwa na Gerhard Fiala na Karl Stetter mwaka 1986. Anaishi raha mustarehe karibu na nyuzi 100. Ni ya ukoo B, yaani ukoo wa zile zinazonakili kromosomu zetu, na wanakili wa ukoo huo kwa kawaida wana sehemu ya kusahihisha iliyo hai. Makosa yake yanakaribia herufi moja kwa milioni. Ukitaka kuchukua nakala moja tu ya jeni na kuipandikiza kwenye bakteria, Pfu ni haki yako, kwa sababu hapo hakuna wingi wa kukuokoa.

Muuzaji atakwambia hayo yote. Asichokwambia ni kwamba polimerasi za ukoo B za akea zina mfuko mdogo wa kunusa herufi U, ambayo kwa kawaida ni ya RNA na siyo ya DNA, kwenye uzi zinaousoma. Zikiinusa, zinasimama herufi nne kabla ya kuifikia. Ukiwaza maisha ya mwenyewe unaelewa: kwenye moto ule herufi C hubadilika kuwa U yenyewe, na mnakili asiyesimama angegeuza uharibifu kuwa urithi. Ukoo A hauna mfuko huo. Hata ukoo B wetu sisi hauna.

Alikuja kijana mmoja na jeli zake za wiki nzima, mistari ya vipimo vya ulinganisho ipo, ya sampuli hakuna hata kivuli. Alikuwa amebadilisha praima, amebadilisha magnesi, amepanda na kushuka na joto.

"Shikamoo dada. Hii Pfu mliyotuazima ni feki."

"Marahaba. Herufi zako umechukua za boksi gani?"

Alikuwa amechukua za boksi la kijani, lenye U badala ya T. Maabara nyingi hutumia U makusudi, ili mabaki ya PCR ya jana yaweze kuharibiwa kwa kimeng'enya maalumu kabla ya kazi ya leo kuanza. Kwa Taq hakuna tatizo. Pfu iliiweka U kwenye uzi mpya bila kinyongo, mzunguko uliofuata ikatakiwa kuusoma uzi uleule, ikasimama. Na ile mistari ya ulinganisho iliyotoka? Ilikuwa imepikwa na Taq. Kimeng'enya hakikuwa feki hata kidogo. Kilimtii babu yake. Zipo Pfu zilizorekebishwa kwa kubadilisha asidi amino moja, valini ya nafasi ya 93, ambazo U haizisumbui. Ukizikuta, chukua hizo.

Mengine ya Pfu kwa ufupi. Ni ya polepole, ipe muda mara mbili ya Taq. Iongeze mwisho kabisa kwenye mchanganyiko, maana ikikaa bila herufi inaanza kula praima kwa ileile sehemu ya kusahihisha. Na haiachi herufi A ya ziada mwishoni mwa uzi kama Taq, kwa hiyo kile kifaa cha kupandikiza kinachosubiri A hakitaishika. Nyota tatu na nusu. Ingepata zaidi kama karatasi yake ingekuwa na mstari mmoja tu kuhusu U kwa maandishi ya kusomeka.

Phi29 naipenda kupita kiasi, nakiri. Hii pia ni ukoo B, lakini tawi jingine kabisa: imetoka kwa kirusi kidogo cha bakteria Bacillus subtilis, na aliyeitumikia maisha yake ni Margarita Salas wa Hispania. Tawi lake lina mambo mawili. Moja, huanza kunakili kwa kushikilia protini badala ya praima inapokuwa kwao. Pili, kwenye mkono wake kuna vipande viwili vya ziada, na kimoja kinauzingira uzi kiasi kwamba haubanduki hovyo. Matokeo yake inaweza kwenda herufi 70,000 bila kuachia, huku ikiusukuma pembeni uzi wa mbele badala ya kuukata. Ina sehemu ya kusahihisha. U haiisimamishi. Na inafanya kazi kwenye nyuzi 30, ambazo Mwanza mchana wa Oktoba hazitafutwi kwa tochi.

Kwa batobato ya muhogo hakuna kama hii. Virusi vyake ni DNA ya duara, kila duara herufi kama 2,800, na kwa kawaida ni maduara mawili. Havina polimerasi yao. Huazima za mmea. Ukiweka phi29 kwenye duara inazunguka, inazunguka, inatoa uzi mrefu wenye nakala zimefuatana mkia kwa kichwa. Usiku kucha. Asubuhi ile mikrolita chache imekuwa nzito, ukiinua ncha ya pipeti inatoka na uzi unaonata. Unaikata kwa kimeng'enya kinachokata mahali pamoja kwenye duara, unapitisha kwenye jeli, na pale kwenye 2,800 unapata mstari mmoja mnene, mweupe, umenyooka. Hukuhitaji kujua mfuatano wa kirusi mapema, wala mashine ya PCR. Kwa virusi hivi ambavyo hubadilishana vipande vyenyewe kwa vyenyewe, kama ilivyotokea Uganda na kandokando ya ziwa hili miaka ya 1990, kutokuhitaji kujua mapema ni jambo kubwa.

Kasoro zipo. Inanakili chochote, hata DNA ya vidole vyako. Praima za kawaida inazila, sharti ununue zilizokingwa mwishoni. Na ni dhaifu kwa joto, nitarudi hapo. Nyota nne na nusu.

(Batobato usiichanganye na michirizi ya kahawia. Hiyo ni virusi vya RNA, na phi29 haitakusaidia lolote mpaka upitie kwanza kwa polimerasi ya kusoma RNA. Mtu akikuuzia moja kwa magonjwa yote mawili, mwulize vizuri.)

Bst ni ndugu wa Taq, ukoo A, kutoka kwa Geobacillus stearothermophilus. Kinachouzwa siyo kimeng'enya kizima. Wamekiondolea ile sehemu ya mbele ya kukata, kama Hans Klenow alivyofanya kwa Pol I, na polimerasi iliyobaki, ikikuta uzi mbele, haina cha kufanya ila kuusukuma. Udhaifu umegeuzwa mtaji: mwaka 2000 Tsugunori Notomi na wenzake Japani wakaitumia kubuni LAMP, njia ya kuongeza DNA kwa joto moja tu, nyuzi 60 hadi 65, ndani ya saa moja au pungufu. Sufuria la maji yenye joto lisiloyumba linatosha. Tuliijaribu kwa konokono wa ufukweni kutafuta vimelea vya kichocho. Umeme ulikatika katikati ya kazi, maji yakabaki na joto lake, rangi inayotupa jibu ikabadilika vilevile. Mashine ya PCR ingekuwa imelala.

Haisahihishi, kwa maana ndugu huyu naye ana gofu lileile, kwa hiyo usiitumie kusoma mfuatano. Ni ya kujibu ndiyo au hapana. Na usifungue kimirija baada ya kazi, nasisitiza, usikifungue. DNA inayotoka ni nyingi mno. Ukikifungua mara moja chumbani, konokono wako wote watakuwa na kichocho mpaka mwezi ujao. Nyota nne kwa uwanjani, mbili kwa maabara ya wazembe.

Muuzaji yule aliwahi kuniuliza kama habari za koo zina maana nje ya friza. Zina. Ndani ya mitokondria zetu DNA inanakiliwa na polimerasi gama, ambayo ni ya ukoo A na inafanana zaidi na ile ya kirusi T7 kuliko na zile za kwenye kiini cha seli. Dawa za awali za kufubaza virusi vya UKIMWI zilifanya kazi kwa kuidanganya polimerasi ya kirusi kwa herufi bandia. Polimerasi za ukoo B kwenye kiini hazikudanganyika sana. Gama ilidanganyika. Stavudini ndiyo iliyoongoza kwa hilo: ganzi na maumivu ya miguu, mafuta kupungua usoni na mikononi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe taratibu. Wengi wa rika langu huku kanda ya ziwa tuna shangazi au baba mdogo aliyetembea na ganzi hiyo.

Mwisho ni usafirishaji, na hapa nyota ni moja. Mzigo unatua uwanja wa ndege wa Mwanza, tunaufuata kwa bodaboda na kasha la barafu, na safari iliyopita barafu kavu ilikuwa imeshaisha yote, boksi limekuwa vuguvugu. Msafirishaji akasema vimeng'enya vilikuwa bado vya majimaji kwa hiyo "havijaharibika, vingeharibika vingeganda." Vimeng'enya hivi huwekwa kwenye gliserini nusu kwa nusu, havigandi hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo umajimaji hausemi lolote. Tulipima. Taq ilikuwa nzima, mistari sawasawa na ya kimirija cha zamani. Bst nayo nzima. Phi29 ilikuwa imekufa, na fidia tunaidai hadi leo.

Ukiagiza, omba phi29 ije kwenye boksi lake peke yake lenye barafu ya kutosha siku mbili zaidi ya wanazokuahidi, na mzigo ufike Jumanne au Jumatano. Ukifika Ijumaa jioni utalala uwanjani. Na ukishaipata, usizamishe ncha ya pipeti ndani: gliserini ni nzito, inashika nje ya ncha, na kila mara unapochota mikrolita moja unaondoka na karibu nyingine bure. Gusa juu juu tu, vuta polepole.